Njia ya Kukatiza

Anayetoka Magomeni kwenda Posta kwa miguu huvuka uwazi mara mbili. Kwanza bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, kisha viwanja vya Mnazi Mmoja. Kariakoo yenyewe imekaa katikati kama kisiwa, bonde mgongoni, kiwanja usoni. Ukiitazama ramani ya Dar es Salaam bila majina ya mitaa, utadhani aliyeichora aliishiwa wino mara mbili katika mstari mmoja.

Mimi ni mkazi wa Kariakoo, upande wa Jangwani, na kazi yangu iko Posta. Uwazi wa Mnazi Mmoja naukatiza karibu kila siku. Ule wa bondeni naukatiza kila ninapokwenda kuwaona ndugu zangu Magomeni. Huo wa bondeni sasa uko njiani kugeuzwa bustani ya jiji. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, na ndani yake kuna mambo ambayo sisi tunaoishi huku tuliyalilia miaka mingi: kupanua mkondo wa mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuiondoa karakana ya mwendokasi pale ilipokuwa inazama kila masika. Juu ya hayo kuna bustani kubwa, yenye miti, viwanja vya michezo, na njia za waenda kwa miguu na baiskeli kufuata mto kuelekea baharini.

Hizo njia ndizo zinazonikosesha raha. Kwenye michoro zimenyooka vizuri kandokando ya maji, na watu waliochorwa juu yake wanatembea polepole, wengine wana mbwa. Sijawahi kumwona mtu wa Jangwani anatembea na mbwa, lakini tuyaache hayo. Wasiwasi wangu ni kwamba njia ile inaufuata mto, na miguu yetu siku zote imeukata. Hili si jambo jipya katika mji huu, na ili kulieleza inabidi nirudi kwanza Mnazi Mmoja, kwenye uwazi ule mwingine, ambao umri wake karibu unalingana na wa Kariakoo.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, hawakuchelewa kutoa kanuni za ujenzi. Zilitaja aina za nyumba tu, hazikutaja rangi za watu. Huku nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya, kule nyumba nyingine imara, kwingine vibanda vya udongo na makuti. Lakini kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga nini, kwa hiyo kanuni ya matofali ikawa kanuni ya watu. Kabla tu ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakalinunua shamba kubwa lililokuwa mali ya Mjerumani aitwaye Schoeller, magharibi ya mji, wakusudie kuwahamishia Waafrika huko. Vita ikawakuta katikati ya kazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walipakuta pale mahali pazuri pa kuweka kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, Carrier Corps. Wapagazi wakaondoka, wengi wao kwenda kufia kusini, jina likabaki: Kariakoo. Mtaa wetu, kwa maneno mengine, uliitwa kwa jina la watu waliolazimishwa kutembea.

Miaka ya 1920 Waingereza wakaikamilisha kazi ya Wajerumani kwa lugha ya kistaarabu zaidi. Mji ukagawanywa kanda tatu. Ya kwanza Uzunguni, ya pili ya biashara ambayo watu waliiita Uhindini, ya tatu Kariakoo na wenzake. Kati ya ya pili na ya tatu ukaachwa ukanda usiojengwa kitu. Wale waliokuwa na nyumba humo waliondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wataalamu wa enzi ile waliamini kwamba malaria na tauni zinaletwa na ujirani, na kwamba mbu akikosa nyumba ya kupumzikia njiani atachoka. Kule Nigeria, chini ya utawala wa Lugard, waliandika mpaka kipimo: yadi 440 za ardhi tupu kati ya Mzungu na mwenyeji, kwa sababu ati mbu hawezi kuruka zaidi ya hapo. Baadhi ya viwanja vya gofu vya Afrika vilizaliwa na hesabu za namna hiyo. Hapa Dar tulipata Gymkhana upande wa bahari na Mnazi Mmoja upande wetu. Zanzibar nako wana Mnazi Mmoja yao, jina lile lile na kazi ile ile, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na mpango wa Lanchester wa mwaka 1923 haukuufuta mpaka huo.

Sasa kichekesho. Ukanda ule uliwekwa ili watu wasikaribiane, lakini mji haukuweza kuamka bila watu kuuvuka. Wapishi, mayaya, madobi, matarishi, makuli wa bandarini, makarani, wote walilala upande huu na kufanya kazi upande ule. Kila alfajiri walikatiza Mnazi Mmoja, na kila jioni wakarudi. Mbu alizuiwa, lakini aliyebeba chai ya bwana alipita. Uwazi uliochorwa kuwa ukuta ukawa barabara, tena barabara ambayo hakuna mhandisi aliyeilipia. Ilitengenezwa na miguu.

Tena haikubaki njia tu. Kiwanja kilichowazi katikati ya mji uliogawanyika kina tabia ya kuvuta watu wa pande zote, na serikali ya kikoloni haikulifikiria hilo ilipokuwa inabomoa. Swala za Idi zikaswaliwa pale. Mpira ukachezwa pale. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilizaliwa hatua chache tu kutoka pale, mtaa ulioitwa New Street ambao leo ni Lumumba, na mikutano yake ya mwanzo ikafanyika Mnazi Mmoja kabla umati haujawa mkubwa kiasi cha kuhamia Jangwani. Fikiria: ardhi zilizoachwa tupu kwa ajili ya kuwatenga watu ndizo zilizowapa mahali pa kukusanyika. Uhuru ulipokuja, mnara mweupe wenye mwenge ulisimamishwa hapo hapo, na kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa iliadhimishwa katika viwanja hivyo.

Kuna jambo moja ambalo nikipita huwa linanifurahisha kimoyomoyo. Upande wa Kariakoo mpaka wa kiwanja ni Mtaa wa Lumumba. Upande wa mjini mpaka wake ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Katikati inapita Barabara ya Uhuru. Ule uzio wa afya wa Waingereza umezungukwa na majina ambayo yangewatoa jasho.

Sitaki kuipamba Mnazi Mmoja kupita kiasi. Siku za sherehe za kitaifa viwanja hufungwa, nasi huzunguka. Usiku si mahali pa kupita mtu peke yake, hasa mwanamke. Lakini imebaki inakatizika, na hilo si jambo dogo katika mji ambao kila kipande cha ardhi kikikaa wazi miaka miwili kinapata mabati na kibao cha kampuni.

Turudi bondeni. Jangwani ni jina la mahali pasipo watu, wala sijui lini hapakuwa na watu. Bonde limelima mchicha kwa ajili ya masoko ya mji tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Limefua nguo, limefinyanga matofali, limefundisha vijana mpira. Mpenda soka hahitaji kuelezwa: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ni watu wa Jangwani, na Simba, iliyofuata mwaka 1936 na kuitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, ni Wekundu wa Msimbazi. Ugomvi mkubwa kuliko wote wa nchi hii umeegemea jina la bonde moja na mto wake. Halafu kuna wataalamu huja na kusema bonde ni ardhi isiyotumika.

Wapangaji wa mji waliliona bonde kwa macho yao. Mpango mkuu wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulipanga mitaa kwa kiasi cha msongamano, maneno ya adabu ya kusema kwa kiasi cha rangi, na ukataka mabonde ya vijito yabaki wazi yawe njia za upepo wa bahari kuingia mitaani. Wazo zuri, kwa kweli. Ila upepo ulipewa njia na mtu hakupewa. Magomeni ikajengwa miaka iliyofuata ng'ambo ya bonde, ikajaa watu ambao riziki yao ilikuwa Kariakoo, bandarini na Posta, na njia kubwa ya kuwavusha ikawa Barabara ya Morogoro tu. Anayeishi Kigogo, Mzimuni au Suna akijibana kufuata barabara anazunguka sana. Kwa hiyo akashuka bondeni. Akatafuta mahali mto unapobana, akatupa magogo mawili, akapita. Wenzake wakapita. Baada ya miaka kadhaa kuna kijia, kina mama lishe mwanzoni na muuza vocha mwishoni, na hakimo kwenye ramani yoyote.

Kuhusu mafuriko sitabishana na mtu. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, na misitu ya huko ilivyopungua na mji ulivyopanuka kwa sakafu za saruji, maji yote yanatufikia kwa pamoja, yamebeba mchanga na taka za njia nzima. Desemba 2011 maji yalichukua watu na nyumba. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kabisa upande wa Bunju, na baadhi yao wakarudi bondeni kwa sababu Mabwepande hakuna Kariakoo. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, likafuata tingatinga. Awamu hii ya mradi nyumba zilithaminiwa kwanza, watu wakalipwa, ndipo zikabomolewa, na malalamiko hayakukosekana. Kila masika Jangwani barabara ilipofungwa, nilishuhudia vijana wakivusha watu wazima mgongoni kwa malipo, mtu na tai yake, viatu mkononi. Mbu wa Waingereza alikuwa kisingizio. Maji ya Msimbazi hayahitaji kisingizio. Pale hapafai kulala mtu, na mimi sitasimama kutetea nyumba zirudi.

Tena niseme haki: maandalizi ya mradi huu hayakufanyika kama ya mwaka 1949. Mwaka 2018 kulikuwa na vikao virefu vilivyokutanisha wahandisi, maofisa na wananchi wa bondeni, na kutoka humo ukapatikana mpango wa mwaka uliofuata. Wapangaji wa zamani wasingemkalisha mkulima wa mchicha mezani hata kwa bahati mbaya.

Lakini nyumba zikishaondoka ndipo ulipo mtihani wenyewe, kwa sababu bonde linakuwa ukanda mtupu kati ya mitaa, na historia ya Mnazi Mmoja inatuambia ukanda mtupu unaweza kuwa vitu viwili kinyume kabisa. Inategemea kama watu wanaruhusiwa kuukatiza. Njia ya kandokando ya mto ni ya mtu mwenye muda. Anaingia upande mmoja, anatembea, anavuta hewa, anatoka alikoingilia, anarudi kwenye gari lake. Sina ugomvi naye, jiji hili lina uhaba wa mahali pa kuvuta hewa na mimi mwenyewe nitakwenda Jumapili. Njia ya kukatiza ni ya mtu asiye na muda: mpiga debe, fundi cherehani, mwanafunzi, mama wa maandazi, kijana wa mkokoteni. Mtu huyu hahitaji mandhari. Anahitaji kidaraja kisichosombwa, taa, na geti lisilofungwa. Au tuseme asiwekewe geti.

Geti ndilo neno. Bustani nzuri katika miji yetu zina tabia ya kupata uzio, na uzio una tabia ya kupata kibanda cha tiketi. Majirani zetu wa Nairobi wana mfano wa kufaa kuangaliwa. Msitu wa Karura uliokolewa na Wangari Maathai na wenzake mwaka 1999 wakipigwa na walinzi wa waliotaka kuujenga, na miaka kumi hivi baada ya hapo, chini ya usimamizi wa pamoja na wananchi, ukapata uzio, walinzi, njia safi za kutembea na kukimbia, na ada ya kuingia. Kabla ya hapo watu waliuogopa msitu, na wanawake hawakuthubutu kuingia. Leo wanakimbia humo asubuhi. Hayo ni mafanikio ya kweli na sitaki kuyadharau. Ila Karura ni msitu unaokwenda kuutembelea. Hauko kati ya nyumba yako na riziki yako. Ukichukua mtindo huo ukauleta Jangwani bila kubadili kitu, mtu wa Suna atalipa ada ili afike kazini, au atatoboa uzio. Nawajua watu wa Suna. Watatoboa uzio, na baada ya hapo wataitwa wavamizi wa bustani.

Kuna hofu nyingine ambayo nasikia ikisemwa vijiweni. Mpango unataka kingo za bonde ziinuliwe kwa udongo utakaochimbwa mtoni, zijengwe majengo ya kisasa yatakayoitazama bustani. Inawezekana hesabu za mradi zinahitaji hivyo, bustani haijilipii. Lakini mwenye ghorofa inayotazama bustani ataitaka bustani iwe kimya, na kijia cha mikokoteni chini ya dirisha lake atakiandikia barua. Sisi tulio Kariakoo tunajua barua za namna hiyo huandikwa kwenda wapi na hujibiwa haraka kiasi gani. Ndiyo maana haki ya kupita inafaa iandikwe sasa, kabla mwenye ghorofa hajazaliwa, kwenye hati za bustani yenyewe: kwamba vivuko fulani, kwa majina yake, ni njia za umma saa zote, bure, na kwamba havifungwi kwa sababu ya tamasha wala mgeni wa kitaifa.

Kuvipata vivuko hivyo si utafiti mgumu. Maji yakishuka baada ya mvua, matope ya bondeni yanaandika kila kitu. Utaona alama za viatu vya shule, kandambili, tairi la mkokoteni, zote zimejipanga kwenye mstari ule ule kutoka Mzimuni kuja huku, kutoka Kigogo kwenda Mchikichini. Wapimaji wakija na bikoni zao waje saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua, wakati mstari wenyewe unatembea. Wamuulize mama wa maandazi anayewahi soko. Ana dishi kichwani, hatasimama, itabidi wafuatane naye.